Je, Wajua? Dawa ya Sonona Hutuliza Moyo Unaokwenda Mbio

Kupanda kwa miguu kutoka Morogoro mjini hadi Morningside, kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, humfanya mgeni atwete na moyo umdunde. Mwenye ugonjwa wa hofu ya ghafla hupatwa na hayo hayo akiwa ameketi kwenye daladala: kifua kinabana, mikono inatetemeka, anaamini anakufa. Anakimbilia kupima moyo, na vipimo havionyeshi kitu.

Je, wajua kwamba dawa za sonona hutibu hali hiyo, hata kwa asiye na sonona? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Donald Klein wa Marekani aliona imipramini, mojawapo ya dawa hizo, ikizuia hofu hiyo. Baadaye watafiti waliwavutisha wagonjwa hewa yenye kabonidayoksaidi nyingi, ambayo huwaamshia hofu upesi. Baada ya kutibiwa kwa dawa za aina hii, waliihimili vizuri zaidi. Kwa hiyo si mawazo tu yanayotulia. Hata mwili hubadili namna unavyoitikia.

Ila dawa hizi hazifanyi kazi upesi kama dawa ya kichwa. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na siku za mwanzo wasiwasi unaweza hata kuzidi, ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo. Wengine hukata tamaa hapo hapo, mapema mno. Ukianzishiwa dawa hizi, usiziache ghafla. Rudi kwanza kwa daktari wako.