Pumu Viwanjani: Nasaha kwa Walimu wa Michezo wa Kwale

Miongoni mwa maradhi yanayowadhulumu vijana wetu viwanjani, hakuna yanayodhaniwa uvivu kwa wepesi kama pumu iletwayo na mazoezi. Kwani mwenye nayo hukimbia sawia na wenziwe, kisha, dakika tano au kumi baada ya mbio, wakati wengine wamekwisha rejewa na pumzi, yeye huinama mikono magotini, kifua kimembana, na mluzi mwembamba husikika kila atoapo pumzi.

Sababu yake ni dhahiri. Apigaye mbio huvuta hewa kwa kinywa badala ya pua, ambayo kwa desturi huipasha joto na kuitia unyevu. Na hewa ikiwa kavu na baridi, mirija ya mapafu ya mwenye pumu hukauka na kujikaza. Kwa hiyo kijana wa Diani au Msambweni, aliyelelewa katika hewa ya bahari, aweza kukaa na maradhi haya asiyatambue, illa labda siku ya vumbi au ya moshi wa makumbi, mpaka timu yake ipande bara kushindana Eldoret, mahali palipozidi mita 2,000 juu ya bahari, ndipo kifua kitoboe siri.

Dawa ya kwanza ni utaratibu: kupasha mwili moto kwa robo saa, pamoja na mbio fupi fupi, hupunguza ukali wa shambulio. Ya pili ni salbutamol ya kuvuta, itumiwayo kama dakika kumi na tano kabla ya mchezo kwa agizo la tabibu. Asiyekuwa na kifaa maalumu cha kuivutia aweza kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuushika mdomo wa dawa barabara, naye akavutia shingoni mwa chupa. Uchunguzi wa Cape Town uliotolewa mwaka 1999 ulidhihirisha kwamba yawafaa watoto sawa na kile cha dukani. Lakini aihitajiye mara kwa mara asiridhike na nafuu ya saa chache, bali aende hospitali, kama ile ya rufaa ya Msambweni, apewe dawa ya kinga ya kila siku.

Wala asihofu kuitwa mlaghai: sheria za kimataifa huruhusu salbutamol ya kuvuta hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, bila kuzidi 600 katika saa nane zozote.

Haile Gebrselassie wa Ethiopia, mwenye pumu, aliziacha mbio za marathoni za Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kwa kuchelea hewa chafu. Mwezi uliofuata michezo hiyo, huko Berlin, akavunja rekodi ya dunia kwa saa 2:03:59. Hakushindana na kifua chake, alikijua.

Basi, mwalimu, kabla ya safari ya bara, waulize wachezaji wako faraghani, bila ya kuwatahayarisha, nani hubanwa na kifua. Na dawa yake ikae ukingoni mwa uwanja, isifungiwe garini.