Je, Waya wa Bei Kubwa Huongeza Utamu wa Sauti?

Habari nitakayowaeleza ni ya kitu kidogo: waya utokao katika chombo cha kukuza sauti, kiitwacho amplifaya, ukaenda mpaka kwenye kipaza sauti. Waya huu huuzwa kwa bei mbalimbali sana. Mwingine hukatwa dukani kwa mita, kwa fedha kidogo, kama waya wa taa. Mwingine hutiwa katika sanduku lililopambwa, na bei yake hupita bei ya ng'ombe, pengine ya zizi zima. Mwaka 2007 palikuwa na jozi moja ya nyaya huko Marekani, urefu wake futi 12, iliyouzwa kwa dola 7,250. Wauzaji wa nyaya kama hizo husema kwamba huisafisha sauti na kuuzidisha muziki utamu. Basi yatupasa kuuliza: je, maneno haya ni ya kweli?

Swali hili si la matajiri peke yao. Skuli inayochangisha fedha za vyombo vya sauti, msikiti au kanisa litakalo neno lifike hata uani, kikundi cha taarab kinachoanza kazi, wote hao wana fedha chache zilizopatikana kwa jasho. Wakitoa nusu ya fedha hizo kwa waya, itawabidi kununua kipaza sauti hafifu. Wala hakuna waya duniani uwezao kukitia nguvu kipaza sauti hafifu.

Kwanza na tuitazame kazi ya waya. Umeme hupita katika shaba mfano wa maji yapitavyo katika mfereji. Mfereji ukiwa mwembamba, maji huzuilika. Ukiwa mrefu, huzuilika zaidi. Kuzuilika huku kwa umeme wataalamu hukuita ukinzani, na kipimo chake ni omu, kwa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyeitoa kanuni yake mwaka 1827. Urefu wa waya ukizidi mara mbili, ukinzani nao huzidi mara mbili. Kiasi cha shaba katika kila mita kikizidi mara mbili, ukinzani hupungua nusu. Basi mambo makubwa ni matatu: urefu, unene, na aina ya madini.

Watu walijifunza jambo hili kwa hasara kubwa. Mwaka 1858 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland mpaka Newfoundland. Ndani yake mlikuwa na shaba ratili 107 tu kwa kila maili ya baharini. Salamu za Malkia Victoria, maneno 98, zilichukua muda wa saa 16 kufika, na baada ya majuma machache waya ukafa kabisa. Mtaalamu William Thomson alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba shaba iliyouzwa siku zile haikuwa sawa, ya huku ikipitisha umeme vizuri kuliko ya kule, naye akataka shaba safi na nene. Waya uliofaulu mwaka 1866 ulikuwa na shaba ratili 300 kwa kila maili. Mwaka 1879 Unguja nayo ikafikiwa na waya wa baharini, uliopita kati ya Aden na Afrika ya Kusini. Katika safari za namna hiyo, ubora wa waya ni jambo kubwa kweli.

Lakini kutoka amplifaya mpaka kipaza sauti si safari ya bahari. Tufanye hesabu. Chukua waya wa shaba wenye ukubwa wa milimita 2.5 za mraba, ule ule utumiwao na mafundi wa umeme majumbani. Kama kipaza sauti kiko mbali mita 5, umeme huenda mita 5 na kurudi mita 5, na ukinzani wa njia nzima ni kama omu 0.07. Kipaza sauti chenyewe mara nyingi kina omu 8. Basi kinachopotea njiani hakifiki sehemu moja katika mia, na sikio la mwanadamu haliwezi kulitambua pengo hilo.

Sasa peleka waya mwembamba, wa milimita 0.75 za mraba, mpaka uwanjani umbali wa mita 50. Ukinzani wake hufika omu 2.3, na zaidi ya sehemu moja ya tano ya msukumo wa umeme huishia njiani. Hapa hasara husikika. Dawa yake ni waya mnene zaidi, ambao hauna haja ya jina kubwa. Ule wa milimita 2.5, kwa umbali huo huo, hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi.

Na madini je? Fedha hupitisha umeme kuliko shaba, lakini faida yake ni kama sehemu sita katika mia tu, nayo mtu huipata vile vile kwa kununua shaba iliyo nene kidogo zaidi. Wako wasifuo shaba isiyo na oksijeni. Shaba ya kawaida ya umeme imekwisha kusafishwa sana, na tofauti yake na hiyo haizidi sehemu moja katika mia. Dhahabu, ambayo watu wengi huidhania kuwa bora kuliko yote, hupitisha umeme kidogo kuliko shaba. Sifa yake ni kwamba haishiki kutu. Kwa hiyo ncha zilizopakwa dhahabu zina maana, hasa pwani penye hewa ya chumvi. Lakini upako ule ni mwembamba sana, wala si sababu ya bei kubwa.

Pengine mtu atasema, "Hesabu ni hesabu, lakini masikio yangu yanasikia tofauti." Mtu huyo hasemi uongo. Ila masikio hayakusikiliza peke yao. Macho yameona sanduku, na moyo unajua bei. Tena sauti iliyozidi nguvu kidogo tu huonekana kuwa bora, hata kama haina ubora wo wote mwingine. Ndiyo sababu wataalamu hupima bila msikilizaji kujua ni waya gani unaotumika. Mwaka 1983 gazeti la Marekani liitwalo Stereo Review lilieleza jaribio la namna hiyo. Zilishindanishwa waya ghali, waya mnene wa taa, na waya mwembamba sana. Waya mwembamba mno uliweza kutambulika kwa sauti ya mvumo mtupu. Lakini zilipopigwa nyimbo za kwaya, wasikilizaji hawakuweza kuutambua waya ghali na waya wa taa.

Zile nyaya za dola 7,250 nazo zilizusha mashindano. James Randi, bingwa wa mazingaombwe aliyekuwa akifichua udanganyifu, aliahidi dola milioni moja kwa atakayezitambua kwa kusikia tu. Mwandishi mmoja wa magazeti ya muziki akakubali. Lakini mapatano yakavunjika na jaribio halikufanywa, kwa hiyo haifai kusema nani angeshinda. Twajua tu kwamba bei ile haikupata ushahidi.

Yafaa pia kuwa waadilifu kwa upande wa pili. Kuna fedha za waya zisizopotea bure. Waya wa mikrofoni hubeba umeme kidogo mno, nao huweza kuokota mvumo kutoka nyaya za taa. Basi wastahili kuwa na nyuzi mbili za sauti na kifuniko cha waya uliosukwa, na ncha imara zisizokatika kwa kuvutwavutwa. Lakini waya upelekao picha na sauti kutoka king'amuzi mpaka televisheni hupeleka tarakimu tu. Tarakimu zikifika sawasawa, waya wa bei ndogo na wa bei kubwa hutoa picha ile ile. Zisipofika, picha hukatika na kila mtu huona.

Tena jihadharini na hila ya upande wa bei ndogo. Kuna waya wa alumini uliovikwa ngozi nyembamba ya shaba, ukauzwa kama shaba tupu. Huo huuzuia umeme zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba ya unene ule ule. Kabla ya kununua, ikate ncha na kuikwangua kwa kisu: ukiona wekundu mpaka ndani, ni shaba, wekundu ukitoka na weupe ukatokea, ni alumini. Kuna na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje lakini nyekundu ndani. Hiyo ni njema. Tena upime mkononi, kwani shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini.

Basi shauri ni hili. Pima umbali kwanza. Nunua shaba ya kweli, milimita 2.5 za mraba kwa chumba, na nene zaidi kwa uwanja. Funga ncha vizuri, usipishanishe ile ya kutoa na ile ya kurudisha, na kuzisafisha zikiota kutu. Fedha iliyobaki itie katika kipaza sauti, kwa maana huko ndiko umeme ugeukiako kuwa sauti. Na muuzaji akikusifia waya kwa maneno mengi, mwambie afunge nyaya mbili, aufiche mkono wake nyuma ya pazia, nawe usikilize. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.