UFAFANUZI KUHUSU MAKAAZI YA ALIYEMALIZA KIFUNGO KWA KOSA LA KUBAKA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanapewa maelezo juu ya suala linalozungumzwa barazani kwa hasira nyingi na ujuzi mchache, nalo ni hili: aliyehukumiwa kwa kubaka, akishamaliza adhabu yake, ataishi wapi na nani atamwangalia?

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana Na. 4 ya 1998 ilimwekea mbakaji mtu mzima kifungo kisichopungua miaka 30, pamoja na fidia kwa aliyedhulumiwa. Kuhusu makaazi baada ya kifungo, Sheria ilinyamaza. Ikumbukwe kuwa waliofungwa miaka 30 mwanzoni kabisa, hata wasipopunguziwa siku moja, wataanza kutoka mwaka 2028. Aidha, kijana wa miaka 18 au chini yake, kwa kosa la kwanza, Sheria hiyo ilimpa viboko tu. Maana yake ni kwamba hurejea nyumba ile ile, pengine ukuta kwa ukuta na mtoto aliyemdhuru.

Tuchukue mfano wa Picha ya Ndege, katika Mji wa Kibaha. Huko wapangaji huingia na kutoka, na mwenye nyumba huuliza kodi ya miezi mingapi, si mtu alikotoka. Majirani wakimtimua mtu huyo, atahamia Mlandizi au Kiluvya, na huko hatajulikana kabisa. Tena Ibara ya 17 ya Katiba humpa kila raia haki ya kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano. Kumfukuza kwa mikono si kazi ya mtaa.

Huko Miami, Marekani, mwaka 2005 ilipitishwa amri ya kuwazuia watu wa aina hiyo kukaa karibu na shule kwa umbali wa futi 2,500. Matokeo yake, makumi kwa makumi yao waliishi chini ya daraja hadi mwaka 2010. Mtu asiye na anwani hafuatiliki.

Kenya ilichukua njia nyengine. Sheria yake ya mwaka 2006 inaruhusu mahakama kuamuru mkosaji wa hatari aangaliwe kwa muda mrefu baada ya kutoka, na kuna daftari la waliotiwa hatiani. Njia hii ina busara zaidi, mradi daftari libaki mikononi mwa maofisa. Jina la baba likibandikwa ukutani, mtoto aliyebakwa naye hutambulika papo hapo.

Visiwani tunaye sheha, na Bara yupo Afisa Mtendaji wa Mtaa. Wote hao huwajua wakaazi wao. Mwenye nyumba amwandikishe mpangaji mpya kwao kabla ya kumpa ufunguo. Familia iliyodhuriwa, ikiona mkosaji amerudi jirani, imwendee Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa habari za mtoto aliye hatarini, simu ya bure ni 116.