Tairi la kushika lami Mbuya: soma ubavu kabla ya kulipa

Mbuya ni kilima. Gari likitoka Kinawataka au Bugolobi hupanda, na kila lililopanda lina saa yake ya kushuka. Mara nyingi hushuka lami ikiwa imelowa, bodaboda wawili wako mbele, na chini kuna lori linalotafuta nafasi ya kuingia Barabara ya Jinja. Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na hata nje ya misimu hiyo mvua ya alasiri haibishi hodi. Kwenye mteremko wa namna hiyo, gari lenye nguvu za farasi 280 linashikiliwa na vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja ukubwa wa kiganja cha mtu mzima.

Magari ya nguvu yapo mengi: Subaru Impreza WRX STI, Forester za turbo, Mark X, BMW za silinda 6. Karibu yote yamefika yakiwa yametumika, kupitia Mombasa au Dar es Salaam. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Uganda, tangu sheria ya mwaka 2018, imeweka kikomo cha miaka 15. Maana yake ni kwamba STI ya miaka 13 inaweza kuingia Kampala kihalali, injini yake ikiwa nzima na tairi zake zikiwa hazifai hata kuvutwa na punda. Mwenye gari hugundua mapema kwamba anahitaji tairi, na hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapopata kazi.

Mzigo hutoka kila upande: Kirinyaga Road jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam, au moja kwa moja kontena la kutoka Japani. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki viwanda viwili vilivyojulikana zaidi vimenyamaza. General Tyre ya Arusha ilisimama zamani, na kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza tairi za Yana kilifungwa mwaka 2016. Kwa hiyo tairi la mbio analoliuza mtu wa Busia au Mutukula limetoka mbali, na habari zake zote zimeandikwa ubavuni. Anayejua kuzisoma hauzi kwa kubahatisha.

Laini isiyoshika

Mtego mkubwa katika biashara hii ni tairi la baridi. Muuzaji hubonyeza kashata kwa kidole gumba, kidole kinazama, anamwambia mteja: "Ssebo, hii ni laini, lazima ishike." Mteja naye amesikia kwamba tairi za mbio ni laini, basi analipa.

Japani ina theluji, na kila mwaka mamilioni ya madereva wake hufunga tairi za theluji kwa miezi michache kisha huzivua. Nyingi huuzwa kama mitumba zikiwa na kashata nzuri, na nyingine huja zikiwa zimefungwa kwenye gari lenyewe. Bridgestone Blizzak, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988, na Yokohama iceGUARD ni tairi bora kabisa, huko kwao. Mpira wake umepikwa ubaki laini wakati nyuzijoto ziko karibu na sifuri. Mchana wa Kampala hufika nyuzi 27 na zaidi, na lami iliyopigwa na jua ni moto kuliko hewa. Hapo kashata hucheza kama jino lililolegea. Usukani hujibu kwa kuchelewa, breki huhitaji nafasi ndefu zaidi hasa kwenye maji, na tairi lenyewe huisha upesi. Gari la nguvu huonyesha ubaya huo mapema kuliko gari la sokoni.

Kulitambua si kazi. Ubavuni pameandikwa STUDLESS, au kuna mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kashata zake zimejaa michanjo myembamba kama ya wembe. Mara nyingi herufi ya mwendo ni Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa, wakati gari la aina ya STI lilitengenezwa kuvaa tairi za W, kilomita 270. Hakuna anayekimbia 270 Mbuya, na asijaribu. Lakini herufi hiyo inaeleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto na mzigo, na gari zito lenye turbo hulipika tairi hafifu hata kwa mwendo wa kawaida wa kwenda Jinja.

Kitu cha pili cha kutazama ni umri. Baada ya herufi DOT kuna mfululizo wa alama unaoishia na tarakimu nne ndani ya duara refu. Zikiwa 3519, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000 na mazungumzo yaishie hapo. Tarakimu hizo mara nyingi huwa upande mmoja tu, na kwenye gari lililokwisha fungwa tairi upande huo unaweza kuwa wa ndani, kwa hiyo mnunuzi ainame. Michelin hushauri tairi lililotumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama kashata ingalipo. Kwa tairi la kushika sana, miaka 10 ni mingi mno. Mpira hukauka na kuwa mgumu, na ule mshiko uliolipiwa ndio wa kwanza kuondoka. Tairi jipya la bei ya kati litalishinda tairi la jina kubwa lililokaa godauni miaka 8, na mvua itatoa ushahidi.

Namba za Marekani, herufi za Ulaya

Tairi nyingi za barabarani zinazoruhusiwa Marekani huwa na maneno matatu ubavuni: TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Ya kwanza hupima kuchakaa. Namba ikiwa kubwa, tairi linadumu. Ikiwa ndogo, kwa kawaida mpira ni laini na unashika zaidi. Tairi za safari ndefu huwa 500 na kuendelea, tairi za michezo za kila siku huzunguka 300, na zile kali zaidi ni 200 au chini. Namba hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo si haki kulinganisha 300 ya kampuni moja na 300 ya nyingine kana kwamba zimepimwa kwa mzani mmoja. TRACTION huenda AA, A, B, C, na hupima kusimama kwenye maji kwa njia iliyonyooka tu, haisemi lolote kuhusu kona. Lebo ya Ulaya hutoa herufi A hadi E kwa mshiko kwenye maji. Tairi likiwa na lebo hiyo, kwa mteja wa Mbuya hii ndiyo herufi ya kuanzia.

Vijana wengi huomba tairi za mashindano zilizoruhusiwa barabarani, kama Toyo R888R au Yokohama Advan A052. Ni tairi za ajabu kwenye uwanja mkavu. Shida ni kwamba huhitaji joto ndipo zishike ipasavyo, na foleni ya Nakawa haipashi tairi joto, hupasha dereva tu. Mifereji yake ni michache, maji yakijaa barabarani hayana pa kutokea, na gari huelea. Kashata zake huokota kokoto mara tu lami inapokatika. Pia huisha haraka, na mteja aliyelipa fedha nyingi hurudi kulalamika kwa aliyemuuzia.

Tairi linalofaa zaidi ni la daraja la chini yake: Michelin Pilot Sport, Bridgestone Potenza Sport, Continental SportContact na wenzake. Huanza kushika toka asubuhi, hunywa maji vizuri, na hudumu kiasi cha haki. Rimu za inchi 17 zenye ubavu wa 45 au 50 huvumilia mashimo ya Kampala kuliko inchi 19 zenye ubavu wa 35. Wapo wanaonunua spoila kwanza na tairi mwisho, biashara haiwazuii.

Manne au usiuze

Subaru nyingi huvuta kwa magurudumu yote manne, na difu ya katikati hutaka tairi zote ziwe sawa. Subaru huagiza mzunguko wa tairi moja usizidi wa mwenzake kwa zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Hesabu yake ni fupi. Kashata ikipungua milimita 1, mzunguko wa tairi hupungua milimita 6 na nukta. Kwa hiyo tairi mbili mpya za milimita 8 mbele, na mbili za milimita 4 nyuma, tayari zinaila difu. Kuchanganya 225/45R17 na 235/45R17 ni vibaya zaidi, kwani tofauti ya mzunguko ni karibu milimita 28. Anayeleta tairi kwa ajili ya wenye Subaru alete seti za nne, aina moja, saizi moja, na ikiwezekana wiki zinazokaribiana.

Mpakani, tairi lina kasoro moja ya kikaratasi. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotoka ndani ya nchi wanachama. Tairi la Japani lililonunuliwa Nairobi bado ni la Japani. Mwenye mzigo asitegemee cheti rahisi cha asili. Abebe risiti na nyaraka za kuonyesha ushuru ulilipwa wapi, na azungumze na wakala wa forodha kabla ya kufika Malaba, si akiwa dirishani. Kwa mitumba, aulize kwanza shirika la viwango la nchi anakopeleka: UNBS, KEBS au TBS. Kontena lililozuiwa hula faida kwa gharama za kulihifadhi.

Njiani tairi zisikae juani siku nzima juu ya basi, wala karibu na dumu la petroli. Stoo iwe na giza na ipoe. Na mteja akishafungiwa, aambiwe jambo ambalo mafundi husahau: tairi jipya huwa na utelezi wa kiwandani juu ya mpira, na kilomita mia chache za kwanza ni za kwenda polepole. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Ndipo ateremke Mbuya.