Nyuzi 37 na watu 148 waliozikataa

Muulize muuguzi yeyote joto la kawaida la mwili ni ngapi, atakujibu bila kusita: nyuzi 37 za Selsiasi. Jibu hilo lilienea kutokana na kazi ya daktari Mjerumani, Carl Wunderlich wa Leipzig, aliyechapisha mwaka 1868 matokeo ya kuwapima wagonjwa wapatao 25,000. Vipimo vyenyewe husemwa vilizidi milioni moja, vyote vya kwapani, kwa vipimajoto virefu vilivyohitaji robo saa au zaidi. Kwa shehena ya data kama hiyo, nani angethubutu kubisha?

Mwaka 1992 alibisha Philip Mackowiak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Waliwapima mdomoni watu wazima 148 wenye afya njema, wa umri wa miaka 18 hadi 40. Vipimo vilikuwa 700 kwa jumla, na wastani wake ukatoka 36.8.

Tofauti ya nyuzi 0.2 tu! Pengine ni bahati. Wangepimwa watu wengine, huenda ingetoka 37.1. Shaka hiyo ina njia yake ya kupimwa, ambayo wanatakwimu huiita jaribio la nadharia tete. Kwanza unakubali, kwa muda, kwamba wastani wa kweli wa watu wote ni 37. Kisha unauliza: ikiwa ni hivyo, wastani wa watu 148 waliochaguliwa kwa nasibu ungeweza kuyumba umbali gani?

Jibu linategemea watu wanavyotofautiana wao kwa wao, na idadi ya waliopimwa. Katika utafiti huu mchepuko, yaani kipimo cha kutofautiana huko, ulikuwa nyuzi 0.4. Ugawe kwa kipeuo cha pili cha 148, ambacho ni 12 na ushei, unapata takriban 0.03. Huko ndiko kuyumba kwa kawaida kwa wastani wa sampuli ya ukubwa huo. Pengo la 0.2 ni kama mara sita yake. Kwa desturi, pengo likivuka mara mbili hivi, nadharia huanza kukataliwa. Kwa mara sita, uwezekano wa bahati tupu kuleta pengo kama hilo haufiki hata moja katika milioni.

(Nimegawa kwa kutumia 148, si 700, kwa makusudi. Kumpima Juma mara tano hakumfanyi awe watu watano.)

Sasa, vipimo milioni moja vimeshindwaje na watu 148? Hapa ndipo wengi wanaposhabikia takwimu kupita kiasi. Wingi wa vipimo hupunguza kuyumba kwa bahati, basi. Kipimajoto kinachozidisha joto kitazidisha mara ya kwanza na mara ya milioni, na hesabu haitagundua lolote. Mackowiak alikijaribu kipimajoto kimoja cha Wunderlich kilichohifadhiwa katika Makumbusho ya Mütter, Philadelphia, akakuta kinasoma juu ya vipimajoto vya kisasa kwa zaidi ya nyuzi moja.

Hata hivyo, kukataa 37 si kueleza kwa nini. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha rekodi za Wamarekani tangu wapiganaji wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakaona joto la mwili limekuwa likishuka kwa takriban nyuzi 0.03 kwa kila muongo wa kuzaliwa. Huenda basi wagonjwa wa Wunderlich walikuwa na joto zaidi yetu kweli, na kosa si la kifaa peke yake.

Kwa mama aliyembeba mtoto kwenda zahanati, nyuzi hizo 0.2 hazibadilishi kitu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wagonjwa huhesabu homa kuanzia 37.5 kwapani. Chenye uzito kwake na kwangu ni saa ya kupima. Watu wale 148 walikuwa na joto la chini zaidi kwenye saa kumi na mbili asubuhi, likapanda hadi kilele kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Ndiyo maana Mackowiak alipendekeza mipaka miwili kwa watu wazima wa umri huo: 37.2 alfajiri, na 37.7 kwa siku nzima. Kwa kipimo hicho, 37.4 ya mdomoni ni homa kabla ya chai ya asubuhi, na si homa jioni mtu akitoka kazini.