Ofisa wa majini ambaye silaha yake ni kauli

KIJANA wa Kakamega anayetamani kujiunga na Jeshi la Wanamaji husafiri zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kabla ya kuiona bahari. Wengi hudhani huko kuna kazi mbili tu: kuendesha meli na kushika bunduki. Kumbe ipo ya tatu, isiyotajwa sana vijijini. Ni kazi ya ofisa anayeliunganisha jeshi na raia, na kuiunganisha Kenya na mataifa yanayolinda bahari pamoja nayo.

Jeshi la Wanamaji lilianzishwa Desemba 12, 1964, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru, na makao yake yako Mtongwe, Mombasa. Vyeo vyake ni vile vile vya jeshi la nchi kavu, kwa hivyo kamanda wake huitwa Meja Jenerali, wala si Admeri kama ilivyo katika nchi nyingine. Ingawa kikosi hiki ni kidogo, maofisa wake wamefika kileleni. Jenerali Joseph Kibwana aliongoza majeshi yote ya Kenya kuanzia 2000 hadi 2005, na Jenerali Samson Mwathethe akafanya hivyo kuanzia 2015 hadi 2020.

Anayeteuliwa kuwa ofisa huanzia katika chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, kisha hujifunza ubaharia. Kazi ya uhusiano na umma haimpunguzii mafunzo hayo, kwa kuwa hawezi kuwaeleza wanahabari mambo ya meli ambayo yeye mwenyewe haielewi.

Umuhimu wa ushirikiano na mataifa mengine ulidhihirika wakati maharamia walipotishia meli katika pwani ya Somalia. Umoja wa Ulaya ulituma meli zake za kivita mwaka 2008. Januari 2009, nchi za eneo hili zilitia saini makubaliano ya Djibouti ya kupambana na uharamia, na mwaka huo huo Kenya ikakubali washukiwa wanaonaswa na meli za Ulaya washtakiwe Mombasa. Leo Kenya ni mwanachama wa muungano wa majeshi ya majini wenye makao yake Bahrain, unaoshirikisha mataifa zaidi ya 40. Mwaka 2021, mazoezi ya Cutlass Express yanayodhaminiwa na Marekani yalifunguliwa mjini Mombasa. Mnamo Juni 2024, Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkuu aliye nje ya NATO.

Ushirikiano wa aina hii hausimami kwa meli pekee. Lazima awepo mtu wa kuwaeleza wageni msimamo wa Kenya, na kuwaeleza Wakenya kwa nini meli za kigeni zimetia nanga bandarini mwao. Raia asipoelezwa, atajaza pengo hilo kwa uvumi.

Kazi hii ina mitihani yake. Kenya ilipoingia Somalia Oktoba 2011, Meja Emmanuel Chirchir, msemaji wa jeshi wakati huo, aliutumia mtandao wa Twitter kuonya kwamba kundi kubwa la punda waliobebeshwa mizigo lingehesabiwa kuwa la al-Shabaab. Kauli hiyo ilizua kicheko kote duniani, ingawa ilikusudiwa kuwaonya raia. Septemba 28, 2012, wanajeshi walipofika ufuo wa Kismayu kwa meli, Kanali Cyrus Oguna ndiye aliyelielezea taifa hatua hiyo. Baadaye Oguna aliteuliwa kuwa Msemaji wa Serikali.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja Januari 15, 2016, kambi ya El Adde iliposhambuliwa. Serikali haikutangaza wakati ule idadi ya wanajeshi waliouawa. Rais wa Somalia alipotaja takriban watu 180, Kenya ilikanusha. Familia zilizokuwa zikisubiri habari za wana wao ziliachwa kati ya kauli mbili, na adui akapata nafasi ya kueneza yake.

Hapa ndipo jambo hili linapomhusu mkazi wa Shinyalu au Malava. Mama aliye na mwana jeshini huenda hajui Bahrain iko wapi. Anachojua ni redio yake, na anangoja sauti atakayoiamini. Kuna siri za vita zinazostahili kufichwa, lakini kifo cha askari hakifichiki: jeneza litafika kijijini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Basi kijana wa Kakamega anayependa lugha na uandishi asidhani jeshi ni la wenye misuli tu. Aboreshe Kiswahili na Kiingereza chake, aongeze Kifaransa au Kiarabu, na akumbuke kwamba usajili haulipiwi hata senti moja. Anayeitisha pesa ni tapeli. Zaidi ya yote, ajizoeze kusema ukweli mapema. Meli ikizama huenda ikaundwa nyingine, lakini imani ya raia ikizama ni vigumu kuiopoa.