Kumbukumbu za Krismasi kwa Mikono ya Watoto (2): Chungwa la Karafuu

Wiki iliyopita tulikunja nyota za karatasi. Leo ni zamu ya karafuu. Katika vitu vyote ambavyo mtoto wa miaka minne aishiye London anaweza kuvitengeneza kwa ajili ya Krismasi, sijaona cha kulizidi chungwa lililochomekwa karafuu.

Waingereza wanalijua tangu zamani. George Cavendish, aliyemtumikia Kadinali Wolsey, aliandika kwamba bwana wake alipokwenda Westminster Hall alibeba chungwa lililotolewa nyama na kujazwa sponji yenye siki, akawa analinusa katikati ya umati ili kujikinga na hewa ya tauni. Katika mchezo wa Krismasi ambao Ben Jonson aliitungia ikulu mwaka 1616, mhusika aitwaye Zawadi ya Mwaka Mpya ana chungwa, ila amekosa karafuu ya kulichomeka. Wakati huo karafuu zilitoka visiwa vya Maluku, nazo zilikuwa ghali. Unguja na Pemba ziliingia karne ya 19, Seyyid Said alipowahimiza wenye mashamba kupanda mikarafuu, hadi visiwa vyetu vikawa ndivyo vilivyoilisha dunia karafuu enzi hizo. Mashamba hayo yalisimama kwa jasho la watumwa. Mtoto akishapata akili ya kuelewa, na hilo aambiwe.

Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, kisha likaanikwa. Lina mafuta yenye eujenoli, ambayo hupinga ukungu. Matundu nayo huyapa maji ya chungwa njia ya kutoka taratibu. Chungwa husinyaa, huwa gumu na jepesi, na likikauka vizuri hudumu miaka.

Chagueni chungwa gumu lenye ganda jembamba. Mzazi atoboe kwa kijiti cha meno, mtoto achomeke, akiacha nafasi kidogo, maana chungwa likinywea karafuu husogeleana. Mstari ukipinda, uacheni. Wapo wazazi wanaosubiri mtoto alale ili wainyooshe kazi yake. Kumbukumbu hiyo si ya mtoto tena. Likiisha, ligaragazeni kwenye mdalasini wa unga, litieni katika mfuko wa karatasi, kamwe si wa plastiki, mliweke mahali pakavu penye joto na kuligeuza kila siku. London ina unyevu mwingi wakati huu wa mwaka, kwa hiyo anzeni katikati ya Novemba. Likilainika au likiota ukungu, litupeni. Walio chini ya miaka mitatu wasiachiwe karafuu, zinaweza kuwakaba. Na wote wanawe mikono kabla ya kugusa macho.

Wenye asili ya Pemba wana hazina zaidi. Mpigieni bibi simu ya video watoto wakiwa kazini. Wakishamwamkia shikamoo, mwombeni asimulie walivyokuwa wakikaa jamvini kuchambua karafuu, tumba huku, makonyo kule. Mjukuu mwenye karafuu mkononi atauliza maswali ambayo hakuna kitabu kingemfanya ayaulize.

Chungwa likishakauka, lifungeni utepe, na kwenye utepe huo mtundike karatasi yenye jina la mtoto, umri wake na mwaka. Wiki ijayo tutachukua alama za viganja kwenye donge la unga na chumvi: wekeni tayari vikombe viwili vya unga wa ngano na kimoja cha chumvi laini.